Ukibambikiwa kesi, nani anakulipa?

*Sheria inampa aliyeshtakiwa bila hatia njia ya kudai fidia, lakini inamtaka kwanza athibitishe kilichokuwa moyoni mwa askari aliyemkamata. Wengi wanaishia njiani.*

Barua ilitoka kwa mtu aliyekuwa mahabusu mkoani Tabora. Ikafika gazetini, gazeti likaichapa. Mwandishi wake, mfanyabiashara mdogo, alieleza kwamba polisi walimkamata Juni 2018, wakachukua fedha na mali zake, kisha akajikuta kizimbani akisomewa shtaka la mauaji.

Rais wa wakati huo, John Magufuli, aliisoma barua hiyo akaagiza ichunguzwe. Machi 2019 Ikulu ikatoa taarifa. Kumbukumbu za polisi zilionyesha kuwa mtu huyo alikamatwa kwa tuhuma za kuvunja nyumba usiku na kuiba. Hati iliyopelekwa mahakamani ilisema ameua. Mkurugenzi wa Mashtaka nchini, DPP, akaifuta kesi na mtu yule akatoka, baada ya zaidi ya miezi minane ndani.

Ilikuwa ni karatasi mbili tu. Moja ipo kwenye jalada la kituo, nyingine ipo kwenye jalada la mahakama, na zote zinamhusu mtu mmoja. Aliyeziweka mezani pamoja angeona ndani ya dakika chache kwamba hazielewani. Katika miezi hiyo yote hakuna aliyefanya hivyo, si mkuu wa upelelezi, si mwendesha mashtaka. Ilibidi afanye Rais wa nchi.

Kuna wengine ambao barua zao hazikuandikwa, au ziliandikwa na hazikuchapwa. Makala haya yanawahusu hao pia, na swali lake ni moja: mlango wa mahabusu ukishafunguliwa, nani anazilipia siku zile?

Tarehe nyingine

Asubuhi ya siku ya kazi katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, karandinga linashusha mahabusu kutoka magereza ya Keko na Segerea. Ndugu wamefika mapema. Wanasimama pale ambapo mtu anaweza kuonwa kwa sekunde kadhaa akipita, apungiwe mkono, aulizwe kwa ishara kama amekula.

Kesi inaitwa. Mwendesha mashtaka anasimama na kusema maneno ambayo kila aliyewahi kuhudhuria mahakama zetu anayajua: shauri limekuja kwa ajili ya kutajwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine. Hakimu anapanga tarehe, wiki mbili mbele. Mtu anarudishwa kwenye karandinga. Yote yamechukua muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai.

Kwa mashtaka kama mauaji, uhaini, ugaidi, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha, hakimu hana dhamana ya kutoa. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu kinachozuia dhamana hiyo kinapingana na Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na kifungu kikabaki kama kilivyokuwa.

Matokeo yake ni kwamba jina la kosa analoliandika askari kwenye karatasi ndilo linaloamua mtu alale wapi. Akiandika wizi, ndugu watakuja na barua ya mtendaji wa mtaa na wadhamini, mtu atatoka. Akiandika unyang'anyi wa kutumia silaha, hatoki. Ushahidi unaweza kuwa uleule, au usiwepo kabisa. Milango ya Segerea itafungwa kwa uzito wa maneno mawili matatu.

> Askari akiandika wizi, dhamana ipo. Akiandika unyang'anyi wa kutumia silaha, haipo.

Viongozi wa jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho kutoka Zanzibar walifunguliwa mashtaka ya ugaidi mwaka 2014. Walitoka Juni 2021, DPP alipoyaondoa. Watoto waliowaacha darasa la kwanza walikuwa wamemaliza shule ya msingi, na hakuna mahakama iliyokuwa imetoa hukumu ya kuwatia hatiani wala ya kuwasafisha.

Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa Chadema, alikamatwa Mwanza Julai 2021, akashtakiwa kwa ugaidi, akaachiwa Machi 4, 2022 baada ya DPP kusema hana nia ya kuendelea na shauri. Sehemu kubwa ya kesi ile ilitumika kubishania jambo moja: maelezo ya washtakiwa yalichukuliwa lini, wapi, na kama sheria ilifuatwa.

Hao ni watu wenye majina, wenye mawakili na wenye wafuasi. Dereva wa bodaboda wa Buguruni hana hata kimoja kati ya hivyo.

Ni haki kusema kwamba kuna kilichofanyika. Mwaka 2022 Bunge lilirekebisha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ili mtu asipelekwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Lakini marekebisho hayo yaliyaacha nje makosa makubwa, yale yanayosikilizwa na Mahakama Kuu. Kwa maneno mengine, yaliyaacha nje mengi ya makosa yaleyale yasiyo na dhamana. Aliyekuwa na uwezekano wa kutoka kesho amelindwa zaidi kuliko ambaye hatatoka kwa miaka.

Kuingia moyoni mwa askari

Sasa tuseme mtu ametoka. Ana njia gani?

Njia kuu ni kufungua shauri la madai kwamba alishtakiwa kwa hila. Msingi wake katika mahakama zetu ni wa zamani. Mwaka 1972 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliueleza katika shauri la Mbowa lililotoka Uganda, na mwaka 1983 Mahakama Kuu ya Tanzania ikauweka wazi katika shauri la Jeremiah Kamama dhidi ya Bugomola Mayandi. Mawakili bado wanayataja mashauri hayo.

Mdai anatakiwa kuthibitisha mambo matano, na yote, si baadhi. Kwamba alishtakiwa. Kwamba kesi iliisha kwa upande wake. Kwamba mdaiwa hakuwa na sababu ya msingi ya kumshtaki. Kwamba mdaiwa alikuwa na nia ovu. Na kwamba yeye mdai alipata madhara.

La kwanza na la mwisho si shida. Nakala za mahakama zipo, na madhara mtu anatembea nayo. La pili lina mtego. Aliyeachiwa huru kwa hukumu amemaliza kesi yake. Aliyefutiwa mashtaka na DPP hajahukumiwa kuwa hana hatia, kwa sababu sheria inaruhusu kesi ifunguliwe tena. Tangu mwaka 2022 asikamatwe tena kwa jambo lilelile mpaka kuwe na ushahidi wa kutosha wa kuanza kesi mara moja, na hilo ni jema. Hata hivyo wakili wa Serikali ana hoja mkononi: shauri lako halikuisha, limesimama.

Mlima wenyewe ni nia ovu. Hapa ndipo madai mengi yanapofia, na hapa ndipo mimi nina ugomvi na sheria yetu.

Ni makosa gani ya polisi yanayompeleka mtu asiye na hatia mahakamani? Mshukiwa anasema usiku ule alikuwa zamu kiwandani, na hakuna anayekwenda kiwandani kuuliza. Shahidi anasema alimtambua mtu gizani, na gwaride la utambulisho haliandaliwi, au linaandaliwa baada ya shahidi kumwona mshukiwa akishushwa kwenye gari la polisi. Bangi au simu iliyokamatwa inapita mikono mitano bila karatasi inayoonyesha nani alimkabidhi nani. Maelezo ya onyo yanachukuliwa siku ya tatu, wakati sheria inataka mahojiano yafanyike ndani ya saa 4 tangu mtu atiwe mbaroni, isipokuwa muda uongezwe kwa utaratibu.

Mahakama zimeyakemea makosa haya kwa miaka mingi. Hukumu ya Waziri Amani ya mwaka 1980 iliwafundisha mahakimu kujihadhari na utambuzi wa macho: palikuwa na mwanga kiasi gani, shahidi alikuwa umbali gani, alimtazama mtu kwa muda gani, anamfahamu tangu zamani au la. Hukumu ya Paulo Maduka na wenzake ilifanya hivyo kwa vielelezo na mtiririko wa utunzaji wake. Kwa hukumu hizo mbili peke yake, watu wengi wametoka magerezani.

Lakini wametoka tu. Kosa lililomfanya jaji wa rufaa aseme mtu huyu aachiwe mara moja halimpi mtu huyo hata senti, kwa sababu kutokwenda kiwandani kuuliza ni uzembe, na uzembe si nia ovu. Askari atasema alizidiwa na majalada. Huenda ni kweli. Mdai atapoteza shauri, na pengine ataamriwa kulipa gharama.

> Kosa lilelile linalomtoa mtu gerezani halimpi hata senti ya fidia.

Nadhani hilo ni jambo lisilokubalika. Mtu aliyekaa miaka minne gereza la Ukonga hapungukiwi na mateso kwa kuwa aliyemweka pale alikuwa mvivu na si mbaya wa roho.

Mpira unaozunguka

Tatizo la pili ni kumpata wa kumshtaki. Madai mengi ya aina hii hapa nchini ni ya jirani dhidi ya jirani: fulani alikwenda kituoni kuniripoti kwa wizi wa ng'ombe, nikawekwa ndani, nikaachiwa, sasa namdai. Mahakama imekuwa ikisema, na inaeleweka, kwamba raia anayetoa taarifa polisi kwa nia njema asiogope kudaiwa. Tukimtisha mtoa taarifa, uhalifu utafichwa.

Kwa hiyo mlalamikaji anasema mimi nilitoa taarifa tu, polisi ndio waliopeleleza. Polisi anasema mimi nilifanyia kazi nilichoambiwa na mlalamikaji, na uamuzi wa kushtaki ni wa Ofisi ya Mashtaka. Wakili wa Serikali anasema nililetewa jalada lenye maelezo ya mashahidi, nikayaamini. Hakimu aliyempeleka rumande anasema sikuwa na mamlaka ya dhamana, na kila siku niliambiwa upelelezi unaendelea.

Kila mmoja, akisimama peke yake, ana jibu linaloeleweka. Ukiyajumlisha majibu yote manne unapata mtu aliyekaa ndani miaka mitatu bila kosa na bila wa kuulizwa.

Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikutana na mpira huu mwaka 2019 katika shauri la De Klerk. Mtu alikamatwa isivyo halali, akafikishwa mahakamani, hakimu akampeleka rumande kwa mazoea bila kuuliza lolote kuhusu dhamana. Polisi wakasema siku zile za rumande si zetu, ni amri ya mahakama. Mahakama ilikataa. Askari yule alijua vizuri kwamba katika mahakama ile mtu akifikishwa anapelekwa rumande moja kwa moja, kwa hiyo madhara ya siku zote nane yalirudi kwa Waziri wa Polisi. Hoja hiyo ingekaa vizuri kabisa Kisutu.

Polisi nao wana lao

Kuna upande mwingine, na ni upande wenye uzito.

Askari mpelelezi wa wilaya ya pembezoni anaweza kuwa na majalada mengi mezani na gari moja la kituo, ambalo mara nyingi linategemea mlalamikaji achangie mafuta. Sampuli zinasubiri majibu ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mashahidi wanahama. Wananchi wenye hasira wanataka mtu akamatwe leo, na wasipoona amekamatwa watachukua sheria mkononi. Katika mazingira hayo, kumwambia askari kwamba kila kesi itakayoshindwa itamgeukia ni kumfundisha asikamate.

Halafu kuna jambo ambalo mawakili wa utetezi hawapendi kulisema kwa sauti. Kuachiwa huru si ushahidi kwamba mtu hakutenda. Jamhuri inatakiwa kuthibitisha pasipo kuacha shaka yenye msingi, na shaka ya namna hiyo inamtoa mtu. Kama kila aliyeachiwa atalipwa, wapo wahalifu watakaolipwa kwa fedha za walipakodi, na ndugu wa waliodhulumiwa watakaa wakitazama.

Hoja hii naikubali, lakini inaishia mahali. Inatosha kukataa malipo kwa kila aliyeachiwa. Haitoshi kukataa malipo kwa mtu ambaye kumbukumbu za kituo chenyewe zinaonyesha hakukamatwa kwa kosa alilosomewa. Kati ya watu hao wawili ipo nafasi kubwa, na sheria yetu inawatendea kana kwamba ni mmoja.

Na ndugu wa aliyeuawa? Kila anaposhtakiwa asiyehusika, aliyehusika yuko mtaani. Familia iliyozika inakaa mahakamani miaka mitatu ikimchukia mtu asiyewakosea, na siku anapoachiwa, ushahidi wa kumpata mwenyewe umekwisha kupotea. Upelelezi mbovu unawadhulumu waliofiwa sawasawa na unavyomdhulumu mshtakiwa.

Siku 90, risiti na pikipiki yenye kutu

Anayeamua kuidai Serikali ana saa inayohesabu. Madai ya madhara ya aina hii yana ukomo wa miaka 3. Kabla ya kufungua shauri lazima awasilishe kusudio la kushtaki na kusubiri siku 90, nakala ikienda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe, na shauri linafunguliwa Mahakama Kuu, hata kama madai ni ya bei ya ng'ombe wawili. Upande wa pili anasimama Wakili Mkuu wa Serikali na timu yake.

Mtu aliyetoka mahabusu juzi anatakiwa ayajue yote hayo. Wengi wanayajua mwaka wa nne.

Kisha linakuja suala la ushahidi wa hasara. Hasara mahususi lazima itajwe na ithibitishwe kwa vielelezo. Mwenye ajira ana barua ya kuachishwa kazi na hati za mshahara. Mama lishe hana. Sufuria zilipotea, wateja walihama, aliuza kiwanja kumlipa wakili, na mauziano yaliandikwa kwenye karatasi ya daftari mbele ya mjumbe. Mahakama inaweza kumpa fidia ya jumla kwa kadiri jaji anavyoona, lakini kile alichopoteza hasa kinabaki hadithi.

Ukipita kwenye uwanja wa vituo vingi vya polisi utaziona pikipiki zilizokamatwa kama vielelezo. Matairi yamekaa chini, viti vimepasuka kwa jua, kutu imeanzia kwenye mnyororo na kupanda mpaka kwenye tangi. Baadhi zilinunuliwa kwa mkopo. Mwenye pikipiki akiachiwa huru anarudishiwa chuma hicho kwa kusaini, na kwenye daftari inaandikwa kuwa amepokea mali yake.

Kudai nako kuna hofu yake. Mkoani Mtwara, kijana mfanyabiashara aliyekuwa akidai fedha ambazo polisi walizichukua walipompekua aliuawa Januari 2022, na askari wakashtakiwa kwa mauaji yake. Mwaka 2025 Mahakama Kuu iliwahukumu wawili kati yao adhabu ya kifo. Sheria ilifanya kazi, ndiyo, lakini kila aliyewahi kunyang'anywa kitu na askari alijifunza jambo tofauti kutoka kwenye habari ile.

Na akishinda? Mali ya Serikali haikamatwi kutekeleza hukumu. Hakuna dalali wa mahakama atakayekwenda kupiga mnada gari la kituo. Mshindi anapewa hati ya mahakama, anaipeleka wizarani, anasubiri bajeti.

> Mama lishe hana hati ya mshahara. Kile alichopoteza hasa kinabaki hadithi.

Waliokiri ili watoke

Kundi moja limefungiwa mlango moja kwa moja. Mwaka 2019 utaratibu wa makubaliano ya kukiri kosa uliingia kwenye sheria zetu. Septemba mwaka huo Rais Magufuli alitoa muda kwa washtakiwa wa uhujumu uchumi waombe msamaha na kurejesha fedha, na DPP wa wakati huo, Biswalo Mganga, akatangaza kuwa washtakiwa 467 wameandika barua.

Wamo waliokuwa na hatia na wakarudisha cha watu. Lakini mtu aliyekaa miaka miwili rumande kwa shtaka lisilo na dhamana, upelelezi haujakamilika, anapoambiwa akikiri atalala kwake wiki hii, uamuzi wake hauwezi kuitwa huru. Akikiri, anakuwa ametiwa hatiani. Sharti la pili kati ya yale matano limekufa, na haki ya kudai imekufa nalo. Uzembe wa mpelelezi unafunikwa kwa saini ya mshtakiwa mwenyewe.

Kwingine wamefanya nini

Kanada ilivuka kizingiti ambacho sisi tumekwama nacho. Mwaka 1995 mkazi wa Hamilton, Ontario, aitwaye Hill, alishtakiwa kwa mfululizo wa ujambazi. Wakati yuko ndani, ujambazi wa namna ileile uliendelea. Katika picha walizoonyeshwa mashahidi, yeye alikuwa mtu pekee wa jamii za wenyeji asilia katikati ya wazungu 11. Alikaa gerezani zaidi ya miezi 20 kabla ya kuachiwa huru mwaka 1999.

Alidai. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Kanada ikasema polisi wana wajibu wa uangalifu kwa mtu wanayempeleleza, na wakipeleleza kwa uzembe chini ya kiwango cha askari makini, mtu huyo anaweza kudai bila kuthibitisha nia ovu. Hill mwenyewe alishindwa, kwa sababu majaji waliona kwamba kwa viwango vya wakati ule polisi wake hawakuvuka mpaka. Hilo ndilo linalonivutia katika hukumu ile. Mlango ulifunguliwa, na haukugeuka bomba la fedha kwa kila aliyeachiwa.

Kenya hawako mbali na sisi, na kwa jambo moja wako nyuma: anayeidai Serikali kwa madhara ana mwaka 1 tu. Ila wana kitu tusichokuwa nacho. Tangu mwaka 2011 wana IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, inayoweza kuchunguza askari na kupendekeza washtakiwe bila kupitia kwa wakubwa wao. Sisi malalamiko dhidi ya askari yanaanzia kwa mkuu wake, au yanakwenda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo silaha yake kubwa ni mapendekezo.

Palikuwa na Arusha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo kwenye ardhi yetu wenyewe, mwaka 2016 ilitoa hukumu kuhusu Mtanzania aliyefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Ilisema alitiwa hatiani kwa ushahidi wa mtu mmoja, bila gwaride la utambulisho, na utetezi wake kwamba alikuwa mahali pengine haukuchunguzwa kwa uzito unaostahili. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko linaloruhusu watu binafsi kufungua mashauri pale, na mwaka uliofuata mlango ukafungwa kwa wapya. Mkazi wa Arusha anayapita majengo ya mahakama hiyo na hawezi kuingia na kesi yake.

Deni la Dodoma

Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda Tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ripoti ilikabidhiwa Julai mwaka huo. Tume ilizungumza wazi kuhusu watu kukamatwa kabla ya upelelezi na kesi za kubambikiwa, na ikapendekeza upelelezi uwe na chombo chake huru, nje ya Jeshi la Polisi.

Chombo huru kitapunguza waathirika wa kesho, na ninakiunga mkono. Hakimfikii aliyeumizwa jana.

Kwa huyo, msingi upo tayari. Ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama zitoe fidia ipasavyo kwa wanaoathirika kutokana na makosa ya wengine, kwa mujibu wa sheria mahususi iliyotungwa na Bunge. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, tuliojiunga nao mwaka 1976, unasema aliyekamatwa au kuzuiliwa isivyo halali ana haki ya fidia inayoweza kudaiwa. Katika maneno hayo hakuna sharti la nia ovu.

Sheria mahususi inayohitajika si ndefu. Iseme kwamba pale ambapo polisi wamevunja masharti yaliyoandikwa (muda wa mahojiano, utunzaji wa vielelezo, wajibu wa kufuatilia maelezo ya mshukiwa kuwa alikuwa mahali pengine) na mtu akakaa ndani kwa sababu hiyo, uzembe unatosha, na ni Serikali itakayoeleza kwa nini isilipe. Iseme kwamba aliyefutiwa mashtaka na DPP, muda fulani ukapita bila kushtakiwa tena, ahesabiwe kuwa kesi yake imekwisha. Iruhusu madai madogo yasikilizwe na mahakama ya wilaya. Na iweke kiwango cha chini kwa kila siku ya rumande, ili mama lishe asiulizwe risiti asizokuwa nazo.

Mpaka hapo itakapotungwa, anayetoka leo afanye haya mapema. Aombe nakala zilizothibitishwa za hati ya mashtaka, ya mwenendo na ya hukumu au amri ya kumwachia. Aandike tarehe za kukamatwa, za mahojiano na za kila siku kesi ilipotajwa, angali anazikumbuka. Atafute wakili au kituo cha msaada wa kisheria mwaka huu, kwa sababu miaka mitatu inahesabiwa na siku 90 za kusubiri zimo humohumo.